Kimo cha Hofu

Mji ule ulikuwa umekwama katika alasiri. Jua lilifika pale linapofika watu wanapoanza kuanua nguo, likasimama, na hakuna aliyekumbuka ni lini. Watoto walizaliwa katika mwanga huohuo wa manjano, wakabalehe humo, wakazeeka humo. Kwa kuwa hapakuwa na kesho wala jana ya kuwatenganisha watu, mtu aliweza kukutana na mama yake njiani akiwa bado msichana mdogo, akampisha kwa heshima, kisha kila mmoja akashika njia yake. Mambo hayo hayakumtisha mtu. Kilichowatisha watu wa mji ule kilikuwa kimoja tu, nacho kilikaa Bondeni.

Hawakukiita kwa jina. Walisema Yule. Bonde lilikuwa chini ya mji, shimo pana lenye kuta za mawe, na sakafu yake ilichipuka magadi meupe ambayo kila nyumba ilipikia maharage na kila mfuko wa tumbaku ulitiwa. Kule chini jua halikufika, basi watu walishuka na vibatari mikononi. Wakubwa walichimba kwa majembe ya mipini mirefu. Watoto, kwa kuwa vidole vyao ni vyembamba, walichuchumaa na kukwangua ule unga laini uliojificha kwenye nyufa. Na mara kwa mara mtoto aliyechuchumaa hakuinuka tena. Hakulia, hakutapika, hakuwa na jeraha. Alikutwa amelaza shavu juu ya magadi kama aliyesinzia akimsubiri mtu.

Palikuwa na mtu mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kueleza maana ya vifo hivyo. Walikuwapo wengi kabla yake na wote walikuwa na jina lilelile, Mfasiri, hata ikawa haijulikani kama ni watu wengi au ni mmoja anayebadilisha sura. Mfasiri alifundisha kwamba Yule huuliza swali. Humwinamia mtoto na kumuuliza: nyumbani kwenu mmeficha nini? Na mtoto, kwa kuwa hajui kusema uongo, hujibu, na akishajibu hawezi kurudi. Kwa hiyo kila mtoto aliyekufa Bondeni alikuwa ushahidi dhidi ya nyumba yake. Mama yake alivuliwa jina, akaitwa Fulani. Mji ulikuwa na akina Fulani wengi, na walipokutana kisimani hawakutazamana.

Sikudhani alikuwa msokota kamba. Katani yake ilisifiwa, mikono yake ilikuwa na sugu kama nyayo. Alikuwa na mtoto mmoja, Kibibi, msichana mwenye meno yaliyopishana na tabia ya kuimba akiwa ameshikilia kitu mdomoni. Kibibi alishuka Bondeni pamoja na wenzake, na wenzake wakarudi.

Mfasiri alikuja mlangoni akiwa amevua viatu. Hakuwa mtu mkali. Alikuwa na uso wa mtu ambaye hajalala vizuri kwa muda mrefu, na alipouliza, aliuliza kwa huruma.

"Mlificha nini, mwanangu?"

"Sikuficha kitu."

"Kila mtu hujibu hivyo kwanza. Tafuta. Utakipata."

Akatafuta. Nini? Ile shilingi ya jirani, niliyoiokota nikanyamaza. Hapana, niliirudisha. Niliirudisha? Nilimwonea wivu dada yangu siku ya harusi yake. Nilimpiga Kibibi kwa mwiko. Nilitaka mtoto wa kiume, nikaja nikasahau kwamba nilitaka. Inawezekana ni hilo. Au ni jambo ambalo sijalifanya bado. Katika mji huu usio na kesho, kosa ambalo sijalifanya nalo linaweza kuwa limekwisha kunishitaki. Mimi ni nani, hata nijue nilichoficha? Alitafuta mpaka akahisi ndani yake mna vyumba asivyovijua, na nyuma ya kila mlango pamesimama mtu anayefanana naye, akitabasamu vibaya. Hofu aliyokuwa nayo haikuwa ya Yule tena. Alijiogopa mwenyewe.

Baada ya mazishi mikono yake ilianza kutetemeka, na haikuacha. Kila alichoshika kilianguka. Ndipo akawa anafunga kibatari kwa kamba ndefu aliyoisokota mwenyewe, mwisho wake kwenye kifundo cha mkono, kisimponyoke. Alikuwa akienda kukaa ukingoni mwa Bonde, juu ya jiwe lililotokeza kama ubao wa dirisha, akatazama pale mtoto wake alipolala. Hakuwa na nia yoyote. Watu waliomwona walidhani anataka kujitupa, na pengine walitarajia hivyo.

Basi vumbi la magadi likampanda puani, akapiga chafya. Kibatari kikamtoka, kikaanguka chini ya jiwe, kamba ikakidaka, kikabaki kinaning'inia hewani karibu na sakafu. Hakikugonga kitu. Hapakuwa na upepo. Lakini moto wake ulizimika kama uliobanwa na vidole.

Alikivuta juu. Mafuta yalikuwemo, utambi ulikuwa mzima. Akakiwasha kwa kiberiti, kikawaka vizuri. Mtu mwingine angekwenda zake, na kwa kweli wengi kabla yake yaliwapata mambo kama hayo wakaenda zao, kwa sababu ilikuwa marufuku kuweka taa chini katika Bonde. Walisema ni kummulika Yule usoni. Sikudhani naye aliinuka kwenda. Alipiga hatua, akasimama. Kitu kidogo kilikuwa kinamkereketa, kama unywele ulioingia kooni. Kilizimwa na nini?

Aliona aibu. Alikuwa mama aliyefiwa, kaburi la mtoto halijakauka, naye anataka kujua habari za kibatari. Aliona aibu na akarudi jiweni na aibu yake. Akakishusha tena, polepole safari hii, kamba ikipita vidoleni ikitetemeka. Moto ulikwenda chini ukiwa mzima, ukawa mzima, kisha pale pale, juu kidogo ya sakafu, ukalegea, ukainama na kufa. Akavuta, akawasha, akashusha. Ukafa palepale. Alikuwa amekaa juu ya mdomo wa kitu, na sasa alijua mdomo huo unaanzia wapi.

Jambo la kwanza alilolifikiri lilikuwa kosa. Alifikiri: kinakula moto. Basi kikila moto mwingi kitashiba, na kikishiba kitawaacha watoto. Akaanza kukilisha. Alikusanya vibatari vilivyochakaa, akavishusha kimoja baada ya kingine, na kila kimoja kikarudi kimezimika, na hofu yake ikaongezeka, maana kitu chenye njaa ya namna ile hakina mwisho. Alikuwa katika kazi hiyo Vuai alipomkuta.

Vuai alikuwa mchimba magadi, mtu wa maneno machache na ubishi mwingi, ambaye mkewe alimkimbia kwa sababu hakuwahi kukubali jambo lolote mara ya kwanza.

"Fulani, unafanya nini hapo? Mfasiri akikuona?"

"Nakilisha."

Alimweleza. Vuai alichuchumaa kando yake, akatazama kibatari kikishuka na kufa. Uso ulimbadilika, lakini mdomo ulikataa.

"Ni upepo wa chini huo."

"Hakuna upepo."

"Umejuaje? Funga kitambaa chepesi kwenye kamba. Kikitikisika ni upepo."

Alichana upindo wa kanga yake, akaufunga juu ya kibatari. Moto ulikufa na kitambaa kikabaki kimenyooka chini, kimya kama ulimi wa mfu. Vuai alikuna kidevu.

"Haya, si upepo. Lakini hakili pia. Kingekuwa kinakula, kingepanda kidogo kufuata chakula, au kingeshuka kikishiba. Hiki kimekaa palepale. Kimekaa kama maji kwenye karai."

Neno hilo lilimwingia Sikudhani na kukaa. Kama maji. Kitu kisichoonekana, kizito, kimetulia chini ya shimo, kina usawa wake. Akamtazama Vuai, Vuai akamtazama, na kila mmoja aliona kwa mwenzake kwamba angependa sana kuwa mahali pengine.

"Tushushe kuku," alisema Sikudhani.

Walimweka kuku katika tenga, wakamshusha mpaka juu ya ule usawa. Kuku alilalamika, akageuza shingo, akatazama huku na huku. Wakamshusha chini kidogo. Alifungua mdomo, akaupigapiga hewani kama anayetafuta neno, akalala upande. Walimvuta haraka. Alikuwa amekufa, na macho yake yalikuwa wazi, hayana lawama wala siri.

Sikudhani alimpakata yule kuku. Akapima kipande cha kamba kilichobaki kati ya moto na sakafu, akasimama, akakilinganisha na mguu wake: hapa ndipo kibatari kinapofia. Palikuwa sawa na goti lake. Akapima tena akiwaza mtoto aliyechuchumaa, kichwa kimeinama, vidole katika ufa.

"Vuai," alisema. "Kibibi hakuulizwa kitu."

"Usiseme hivyo."

"Hakuwa na kosa, wala mimi. Alikuwa mfupi."

Aliketi chini na kulia kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Vuai akawa anakunja kamba.

Walikwenda kwa Mfasiri, maana hawakutaka kuwaambia watu nyuma ya mgongo wake. Aliwapokea barazani, akasikiliza mpaka mwisho bila kuwakatiza.

"Unajua unachotaka kuwaambia watu?" alisema. "Sasa hivi kila mmoja wao anaamini kwamba akiishi vizuri mtoto wake atarudi nyumbani. Wanaogopa, ndiyo, lakini wanamwogopa anayewaona. Wewe unataka waamini kwamba chini ya nyumba zao kuna kitu kisicho na macho. Hakichagui. Hakisamehe, kwa kuwa hakikukasirika. Mama atalalaje na jambo hilo kifuani?"

"Atamwambia mwanawe asichuchumae," alisema Sikudhani.

"Ni rahisi hivyo?"

"Si rahisi, bwana Mfasiri. Hata mimi sijalala."

Mfasiri aliitazama mikono yake mwenyewe. Wakati huo Sikudhani alitambua jambo lililomwogopesha kuliko mdomo wa Bonde: yule mtu hakuwa mwongo. Aliamini kila neno. Kama yeye Sikudhani alikuwa amesema kweli, basi Mfasiri alikuwa amewavua majina wanawake wasio na hatia tangu wakati usiojulikana mwanzo wake, na mtu huyo alikuwa anaanza kuliona hilo kwa mbali, kama mtu aonaye moshi upande wa nyumbani kwake.

"Kibatari hakina roho," alisema Mfasiri. "Wala kuku. Yule huuliza watu. Mimi nimejitafuta kila kona na sina nilichoficha. Mavuno yajayo ya magadi nitalala Bondeni mbele ya watu wote. Nikiinuka, utafunga mdomo wako."

"Hutainuka."

"Basi mtajua kwamba nilificha."

Sikudhani alitoka pale. Alifahamu kwamba hapakuwa na njia. Mfasiri akifa, watasema alikuwa na siri. Akipona, watasema ni msafi. Kifo chochote ambacho mji ule ungepewa, ungekifasiri. Ungekitafuna kifo cha mtu yeyote na kukigeuza kuwa Yule. Afadhali kibatari, alifikiri. Kibatari hakina jina la kuvuliwa.

Mavuno yakafika, kwa namna mambo yalivyokuwa yakifika mjini mule: ghafla, kama yalikuwapo siku zote. Mji mzima ulishuka Bondeni. Watoto waliamriwa wasubiri kwenye ngazi ya mawe, na hilo Vuai alilipigania mpaka akapigwa ngumi. Mfasiri alivua kilemba, akakikunja vizuri, akampa mtu ashike. Akapiga magoti. Watu walibana pumzi. Kisha akajinyoosha chali juu ya magadi, mikono kifuani, akafumba macho.

Sikudhani alikuwa amejifunga kamba kiunoni, na mwisho wa kamba ulikuwa mikononi mwa Vuai. Alisimama mbali kidogo, akamtazama yule mtu aliyemwita Fulani. Kifua cha Mfasiri kilipanda na kushuka kwa haraka, kwa haraka zaidi, kama cha mtu anayekimbia hali amelala. Vidole vyake vilikwaruza magadi. Kisha miguu ikapiga mara moja, ikaacha. Mwache, ilisema sauti moja ndani yake, katika vile vyumba asivyovijua. Ni kifo chake hicho, alikichagua. Alikuja mlangoni akavua viatu, akakuuliza umeficha nini. Mwache. Na sauti ile ilikuwa yake, na alielewa kwamba hatimaye amekiona kitu cha kuficha.

Alivuta pumzi, akaifunga, akainama ndani.

Hakuna alichokiona. Macho yaliwasha, na ingawa alikuwa amebana pumzi, kitu kikali kama tangawizi kilimchoma puani. Alimshika Mfasiri kwapani. Alikuwa mzito kama gunia lililolowa. Sikudhani akavuta, kifua kikaanza kumpiga kwa ndani, kikitaka kufunguka, na kikifunguka humu basi. Kamba ikakaza kiunoni. Vuai alikuwa anavuta, na mtu mwingine akaja kumsaidia Vuai, wakaburutwa wote wawili mpaka ngazini.

Mfasiri alikohoa, akatapika, akafumbua macho.

Mtu mmoja akasema, "Amerudi." Mwingine akasema, "Ni msafi." Na watu wakaanza kupiga magoti kushukuru. Mmoja, kisha safu nzima, wakainamisha vichwa kuelekea ardhini, wanaume na wanawake waliokuwa bado wamesimama katikati ya Bonde.

"Simameni," alisema Sikudhani, lakini sauti haikutoka. Alimpokonya mtu kibatari kilichokuwa kinawaka, akakimbilia mbele yao, akakishusha usoni mwao ili waone. Moto ukafa. Ulikuwa haujafika gotini. Ulikuwa bado kiunoni. Akachukua kingine, kikafa palepale. Kile kitu kilikuwa kimepanda.

Mfasiri aliona. Alijaribu kusema, sauti yake ikawa kama karatasi inayochanwa. "Inukeni," alisema. "Hakuna mtu humo. Nimefika, hakuna mtu. Ni giza tu. Inukeni mpande."

Haijulikani kama walimwelewa au waliogopa tu uso wake. Waliinuka. Waliokwisha kulegea walibebwa. Mfasiri, akiyumba, alimwokota mtoto wa kwanza aliyemkuta ngazini akamweka mabegani, na wengine wakaiga, mji mzima ukapanda na watoto wake juu ya vichwa, hakuna aliyesema neno, isipokuwa mtoto mmoja huko juu aliyekuwa akiuliza kwa nini wote wanapumua kwa sauti.

Juu, watu waliketi ukingoni kama waliotoka kwenye mafuriko. Sikudhani alirudi kwenye lile jiwe lake kwa kuwa hakujua mahali pengine pa kwenda. Vuai alikaa karibu naye. Ndipo alipokuja mwanamke mzee, mmoja wa akina Fulani wa zamani, ambaye hapo kale aliitwa Mwanatenga.

"Wewe ndiye uliyesema ni kimo tu?"

"Ndimi, mama."

"Mwanangu alikuwa anaitwa Mbaruku. Mfasiri aliponiuliza, nilitafuta nikapata. Niliwahi kumnyima mama mkwe wangu maji ya kunywa, alipokuwa mgonjwa. Nikasema ndilo hilo. Nimeishi nalo. Limenizeesha, lakini nimeishi nalo. Sasa unaniambia halikuwa hilo."

"Halikuwa hilo."

"Basi alikufa kwa ajili ya nini?"

Sikudhani alitafuta neno la kumfariji. Yalikuwapo maneno mengi, na yote yalikuwa ya Mfasiri.

"Alichuchumaa," alisema. "Ni hilo tu, mama. Alichuchumaa."

Alingoja kofi. Mwanatenga alisimama palepale, midomo ikimchezacheza.

"Nilikuwa naogopa kitu kinachonijua," alisema mwishowe. "Sasa nitaogopa kitu kisichonijua. Hiki ni kibaya zaidi."

"Najua."

"Na wanasema kinapanda."

"Kimefika kiunoni."

"Kwa nini kinapanda?"

"Sijui."

"Kitafika hapa tulipo?"

"Sijui," alisema Sikudhani.

Mwanatenga aliketi juu ya jiwe kwa taabu, akanyoosha miguu. Akachukua kibatari mkononi mwa Sikudhani bila kuomba, akautazama utambi, akawasha mwenyewe.

"Nionyeshe kinapofia," alisema.

Walikishusha pamoja, kamba ikipita katika mikono yote minne. Watu walioketi nyuma walianza kusimama. Hawakusogea karibu, wala hawakuondoka. Moto ulishuka ukizidi kuwa mdogo, ukamulika ukuta, ukamulika ngazi ya juu. Vuai alikuwa anafungua mdomo kusema kwamba bado, kwamba kuna nafasi kubwa mpaka chini, na kabla hajasema ukazimika.

Mwanatenga alivuta kamba, akapangusa utambi kwa ncha ya kanga yake, akaomba kiberiti.